Kipimo cha Dawa

Kipimo ni nusu ya kila kazi njema. Chumvi hukoleza mchuzi, lakini ikizidi huuharibu; mvua huotesha mahindi, lakini ikizidi huyaozesha. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nami nimeishi kwa utepe wa kupimia kwa zaidi ya miaka 20. Katika kibanda changu sokoni, kando ya Jogoo Road, hakuna nguo ikatwayo kabla mtoto hajasimama mbele yangu akapimwa mabega, kifua na urefu. Kwa hiyo nilipopatwa na maradhi ambayo tiba yake yote ni kipimo, nilikuwa na mlango wa kuyafahamu. Nataka kuyaeleza maradhi hayo, na zaidi nataka kueleza mazungumzo ambayo mgonjwa hana budi kuwa nayo na daktari wake. Katika mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi, kutoka Jericho ninakokaa hata Umoja na Kayole, wengi huingia chumba cha daktari wakiwa na mengi moyoni, wakatoka bila kusema hata moja.

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Tezi hii humimina katika damu homoni zinazouamuru mwili uende kwa mwendo gani: moyo upige upesi au polepole, joto liwe jingi au kidogo, chakula kisagwe mapema au kikawie, fikira ziwe nyepesi au nzito. Ili ifanye kazi yake huhitaji madini ya ayodini, na hii ndiyo sababu chumvi ya kula nchini Kenya hutiwa madini hayo. Mahali ambapo ayodini ni haba, tezi huvimba ikawa rovu. Lakini tezi yaweza kudhoofika hata kwa mtu alaye chumvi njema kila siku. Kuna maradhi ambayo askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huigeukia tezi ya mwili wao wenyewe na kuishambulia. Daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyaeleza maradhi ya namna hii mwaka 1912, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi.

Hayakuja kwa kishindo. Nilianza kuvaa sweta mwezi wa Februari, wakati jua la Nairobi huwachoma wengine. Ngozi ilikauka, sauti ikawa nzito, nywele zikabaki kwenye kitana. Pedali ya cherehani, ambayo mguu wangu uliizoea kama njia ya kwenda nyumbani, ikawa nzito kama jiwe. Watu walisema ni mawazo. Wengine walisema ni umri, kwa kuwa nilikuwa nakaribia miaka 47. Mwezi wa Machi, 2023, damu yangu ilipimwa katika zahanati moja ya mtaani, na jibu likajulikana.

Kabla ya mwaka 1891 jibu kama hilo lilikuwa hukumu. Mwaka huo daktari mmoja wa Uingereza, George Murray, alimdunga mwanamke mwenye umri wa miaka 46 maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mwanamke yule alikuwa amevimba uso na kupooza fikira. Akapata nafuu, akaishi miaka 28 zaidi, na tezi za kondoo zaidi ya 870 zilitumika kumtunza mpaka alipofariki mwaka 1919. Mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall alifaulu kuitenga homoni yenyewe. Leo dawa yetu, levothairoksini, hutengenezwa viwandani, na mgonjwa haihitaji mifugo ya mtu. Huhitaji kidonge kidogo ambacho dawa iliyomo hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Kitu kidogo namna hiyo chahitaji mizani iliyo sahihi.

Mizani hiyo ni damu. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo ambayo kazi yake ni kuiamrisha thairoidi. Amri yake ni homoni ambayo maabara huiandika kwa herufi tatu, TSH. Mfikirie mama aliyesimama mlangoni akimwita mtoto anayecheza mbali. Mtoto akiitika upesi, mama husema kwa sauti ya kawaida. Asipoitika, mama hupaza sauti. Ndivyo ilivyo. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda. Dawa ikitosha, TSH hushuka. Dawa ikizidi, TSH hunyamaza kabisa. Kwa watu wazima wengi mipaka ya kawaida ni karibu 0.4 mpaka 4.0. Yangu ilikuwa 38.

Daktari alinianzisha kwa mikrogramu 50. Nilimwuliza kwa nini asinipe kipimo kizima siku ile ile, kwa maana alikuwa ameniambia kwamba mtu mzima ambaye tezi yake imekoma huhitaji karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, nami nilikuwa na kilo 64. Akajibu kwamba moyo uliozoea kwenda polepole hauamshwi kwa kelele. Nikauliza tena kwa nini nisubiri majuma sita kabla ya kupimwa damu. Akasema kwamba dawa hii hukaa mwilini siku nyingi. Nusu yake huondoka kwa muda wa siku saba hivi, na kwa hiyo kila kipimo kipya huchukua majuma kadhaa kabla hakijatulia. Apimaye mapema hupima maji yanayotikisika. Baada ya majuma sita TSH ilikuwa 14, nikapewa 75. Baadaye ilikuwa 6.5, nikapewa 100; kisha ikafika 2.1. Sikuchoka kusubiri, kwa sababu nilijua nasubiri nini. Mtu aliyeelezwa sababu huwa na subira kuliko aliyeamriwa.

Jirani yangu mmoja alikuwa na maradhi haya haya, lakini hesabu yake ilikataa kushuka, naye akawa karibu kuongezewa dawa. Kabla ya kuandika, daktari alimwuliza swali moja dogo: humeza kidonge kwa kitu gani? Akajibu kwamba humeza kwa chai ya maziwa, alfajiri, kabla ya kukimbilia matatu. Maziwa na chai huizuia dawa hii isiingie vizuri mwilini. Ilimpasa aimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha angoje nusu saa mpaka saa nzima ndipo anywe chai. Akafanya hivyo, na hesabu ikashuka pasipo kuongezwa hata mikrogramu moja. Kama si swali lile, angalipewa dawa nyingi kwa kosa la chai.

Sasa nifike kwenye siku iliyonifundisha zaidi. Hesabu yangu ilikuwa 2.1, lakini bado nilichoka. Ilipofika saa nane mchana mguu wangu haukuweza tena kuisukuma pedali, na sare za watu zilikuwa zimelundikana huku shule zikikaribia kufunguliwa. Rafiki yangu sokoni alinishauri nimeze kidonge na nusu bila kumwambia mtu. Nilimjibu kwamba sikati kitambaa cha mtu kabla ya kupima, wala sitaukata moyo wangu. Nikaenda zahanati na daftari ambamo huandika vipimo vya wateja. Katika kurasa za mwisho nilikuwa nimeandika tarehe, dawa niliyokula, mapigo ya moyo asubuhi, na saa ambayo uchovu huanza.

"Daktari," nilisema, "hesabu ya maabara imepona, lakini mimi bado. Naomba uniongezee mpaka 125."

Daktari, kijana aliyeweza kuwa mwanangu, alisoma daftari pole pole. "Mama," akasema, "2.1 iko ndani ya mipaka. Nikikuongezea, yamkini itashuka chini ya mpaka. Kwanza utajiona mwepesi. Kisha mikono itatetemeka, usingizi utapotea, moyo utakwenda mbio na pengine kupiga ovyo. Na miaka ikipita mifupa yako itapungua nguvu, nawe unakaribia umri ambao mifupa ya mwanamke hupungua yenyewe."

"Nimekuelewa," nikajibu. "Sitaki kununua wepesi wa leo kwa mifupa ya kesho. Lakini uchovu huu si wa kubuni. Kama si tezi, ni kitu gani?"

Akaweka kalamu chini. Swali lile lilimfungulia njia ambayo ombi langu lilikuwa limeifunga. Akauliza juu ya usingizi, chakula, huzuni, kisha kwa heshima akauliza juu ya hedhi. Nikamwambia kweli: kwa miezi mingi ilikuwa nyingi kupita kiasi, jambo ambalo upungufu wa tezi huweza kulileta. Mficha uchi hazai. Damu ikapimwa mara ya pili, na himoglobini ikaonekana ni 9.4, ambapo mwanamke asiye na mimba hutakiwa awe na 12 au zaidi. Nilikuwa na upungufu wa damu. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, na onyo kwamba visikutane na dawa ya tezi. Viachane kwa saa nne, kwa sababu chuma nacho huizuia. Kipimo cha levothairoksini kilibaki pale pale, 100. Baada ya miezi mitatu nilishona mpaka jua likatua.

Je, nani alishinda siku ile? Kama ningalinyamaza, ningalirudi na uchovu wangu. Kama daktari angalikubali tu, ningaliumia moyo. Kama angalinikataza tu, ningalitoka na shaka, na labda ushauri wa sokoni ungalipata nguvu. Yeye alikuwa na elimu ya miili mingi. Mimi nilikuwa na habari za mwili mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini naye alalaye kitandani hajui daima dawa ya kunguni. Kipimo sahihi kilipatikana pale elimu mbili zilipokutana.

Wala kipimo hakikai hivyo milele. Mwanamke akipata mimba, haja ya homoni huongezeka tangu majuma ya kwanza, na yampasa amwambie daktari mara moja, kwa kuwa ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama. Uzito ukibadilika sana, au dawa nyingine ikiongezwa, au umri ukisogea, damu hupimwa tena. Mtoto niliyemshonea sare Januari huja mwakani na mikono mirefu kuliko shati. Hakuna aliyekosa, ni mwili umekwenda mbele.

Ninyi wanafunzi ndio mtakaowasindikiza mama zenu kwenye mabenchi ya zahanati, na baadhi yenu mtakaa upande wa pili wa meza. Mkiwa upande wa mgonjwa, andikeni mambo matatu kabla ya kuingia, maana foleni ni ndefu na muda ni mfupi: kinachoniuma, ninachokula na kumeza, na ninachotaka kujua. Ulizeni kwa nini, mpaka lini, na dalili gani zitaonyesha kwamba dawa imezidi. Mkiwa upande wa daktari, msiridhike na hesabu peke yake. Mwulizeni mwenye mwili. Adabu haimzuii mgonjwa kuuliza, wala elimu haimzuii daktari kusikiliza.