Joto Lenye Kiasi

Katika nyumba zetu za Mji wa Kale, maji ya moto si anasa. Ni stara ya wazee wetu, ambao viungo vyao huumwa na baridi ya alfajiri za kusi, nao hawaachi udhu wala josho. Ndiyo maana tuliingiwa na hofu tangi la bafuni lilipoanza kutoa maji yanayofuka mvuke, na mama yetu akawa anaogopa kufungua mfereji.

Fundi wa umeme alitueleza kuwa thamostati imeshikana. Kidude hicho hukata umeme maji yafikapo joto lililopangwa. Kikikwama, koili huendelea kuchemsha bila kikomo. Alizima swichi kuu, akahakikisha kwa testa kuwa nyaya hazina moto, kwani volti 240 hazina mzaha, kisha akatia thamostati mpya ya kipimo kile kile. Koili nayo aliikuta imevaa ganda jeupe, kwa kuwa maji ya visima vya kisiwani yana chumvi.

Aliipanga nyuzi 60, kwani maji ya uvuguvugu yakikaa tangini huzalisha vijidudu. Lakini joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mzee au mtoto ni laini zaidi. Basi kwetu imekuwa desturi: ya baridi hutangulia ndooni, ya moto hufuata, na mkono wa kijana huyapima kabla mzee hajaguswa. Kumhudumia mzazi ni pamoja na hilo.