Fizikia asiiache

Dada yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusikiliza. Kijana wako anataka udaktari, lakini mwalimu anamshauri aache PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) achukue CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) kwa sababu Fizikia kapata C. Na wewe umesikia kwamba huku Uingereza watoto wanasomea udaktari bila Fizikia.

Ni kweli. Hapa Leicester juzi nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kisomali, shuleni kwa bintiye kuchagua masomo. Watoto wa huku wakishafanya mitihani yao wakiwa na miaka 16, huchagua masomo matatu tu, wakayasoma miaka miwili. Ukumbini kila somo lilikuwa na meza yake na mwalimu wake. Mama alikuja na karatasi tayari: Kemia, Biolojia, Hisabati. Mwalimu wa Kemia aliisoma, akamgeukia binti: wewe mwenyewe unapenda kusoma nini? Binti akamtazama mamake kwanza, kisha akasema Historia. Basi chukua Historia, mwalimu akamwambia. Akaeleza kwamba vyuo vingi vya udaktari vinadai Kemia, vingi vinataka na Biolojia, na la tatu mara nyingi ni hiari ya mwanafunzi, mradi alete alama za juu; A tatu ni jambo la kawaida kudaiwa. Vipo vyuo vyenye masharti yao, kwa hiyo asome ya kila chuo kabla hajajaza fomu. Baadaye kuna UCAT, mtihani wa kuombea udaktari, na maombi ya udaktari hufungwa Oktoba 15, vyuo visizidi vinne.

Nilimfurahia yule binti. Lakini dada, utaratibu huo ni wa huku. Kwetu Tanzania, mtoto wa kidato cha sita anayeomba udaktari Chuo Kikuu cha Muhimbili anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. CBG ina Jiografia mahali pa Fizikia. Anaweza kutoka huko na A tatu, na udaktari asiupate, mpaka azunguke kwa stashahada ya utabibu, miaka mitatu mingine. Njia hiyo ni ya heshima na imetoa madaktari wazuri, ila mtu aifuate akijua anakokwenda. Kinachoniuma ni mtoto kuepushwa somo gumu bila kuambiwa linabeba nini.

C ya kidato cha nne inarekebishika. Mtafutie mwalimu wa Fizikia tangu sasa, hasa wa umeme na mwendo, na hesabu asizitupe, maana PCB watamsomesha na BAM, yaani hesabu za msingi. Gharama ya miezi ya mwanzo niachie mimi.

Ila kwanza muulize mwenyewe, baba yake akiwa hayupo, kama udaktari ni wake au ni wetu. Akisema ni wake, nafasi ya kubadili tahasusi ikifunguliwa mtandaoni, ajaze PCB siku za mwanzo. Siku za mwisho mtandao hulemewa.

Mdogo wako,
Leicester