Tabu Nibaki Mimi, Mtoto Aitwe Tunu!

Siku hizi kina dada wa mjini wakishashika mimba tu, kazi ya kwanza ni kusaka jina la mtoto wa kike kwenye simu. Liwe fupi, silabi mbili, na pale mtaani asiwepo mwingine. Zoe, Mia, Sasha... Hebu pita soko la samaki la Feri, Kivukoni, asubuhi, usikie akina mama wanavyoitana. "Pili, lete ndoo!" "Tatu, chenji yangu!" "Mboni, samaki wanaungua!" Silabi mbili mbili, na kila moja lina mambo yake.

Pili ni mtoto wa pili, Tatu wa tatu, hapo hakuna fumbo. Mboni ni ile ya jicho, mtoto asiyeguswa hata na vumbi. Kulwa na Doto tumeletewa na Wasukuma: ni mapacha, Kulwa katangulia, Doto kafuata, na anayezaliwa baada yao ndiye Shija. Kwa hiyo Shija akikuuzia kitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ujue mama yake alishabeba wawili kwa mkupuo.

Mimi naitwa Tabu, jina la bibi yangu mzaa mama. Alipozaliwa, mama yake alikaa na uchungu siku mbili, bahari imechafuka, mkunga kakwama ng'ambo ya Kigamboni, mitumbwi haivuki. Mtoto akatoka mzima, akaitwa Tabu. Jina kama hilo, au Shida, ni kumbukumbu ya siku yenyewe, si laana. Lakini nenda kawaeleze watu! Kwenye usaili mmoja jamaa kasoma jina langu, akasema, "Tabu hapa ofisini tunazo za kutosha." Wenzake wakaangua kicheko. Kazi sikupata. Kuna kaka naye alinipenda kweli, ila mama yake akamuuliza mbona anataka kuingiza tabu nyumbani. Tukaishia hapo.

Sasa dada yangu kajifungua binti. Yeye anataka Sasha. Nikamwambia, Sasha kwa Warusi ni kifupi cha Alexander, na midume yenye ndevu inaitwa hivyo hivyo! Akanuna. Mama anataka Tabu liendelee, bibi asisahaulike. Nikakataa.

"Tabu mwanangu, unamwonea haya bibi yako?"

Jamani, hilo swali lilinichoma. Bibi ndiye aliyenilea. Nikamkumbusha mama habari za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880 hivi, akaitwa Mtumwa. Lakini lililokwenda naye Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri ni Siti, yaani bibi wa heshima kwa Kiarabu, na ndilo tunalomkumbuka nalo tangu afariki mwaka 1950. Nani amesema aliwatupa wazazi wake?

Nikapendekeza Tunu. Ni kitu adimu, cha thamani, na linaanza kwa herufi ile ile ya bibi. Langu mimi sibadilishi, nimeshalizoea na tabu zake. Ila katoto kale kakaanze safari bila kuchekwa.

Mama hajajibu mpaka leo. Dada kakubali, ila anasema kwenye cheti ataongeza "h" mwishoni, liwe Tunuh, likae kisasa.