Pesa inayobaki isilale nyumbani

Mama wenzangu, tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari bado tunalipa. Binti yangu anaingia huko mwezi wa tisa, na sitaki afukuzwe darasani kwa sababu ya pesa.

Chakula cha watoto sikukigusa. Nilianzia kwenye makala. Mimi na majirani wawili tuliacha kununua ya kila siku kwa vifuko. Tunachanga, tunanunua gunia moja na kugawana kwa ndoo. Maharagi nayalowesha tangu jioni, yanaiva upesi. Sokoni Kadutu naenda kwa miguu. Moto ni ya kurudisha mzigo tu.

Kwa siku inabaki franka 1.000. Siku sita, 6.000. Ikilala nyumbani, itaombwa: mgonjwa, matanga, deni la jirani. Kwa hiyo kila Jumamosi inaingia katika sanduku la AVEC, lenye kufuli tatu na funguo kwa mama watatu. Mgonjwa na matanga vina mfuko wao wa mshikamano humo humo, hatumtupi mtu. Lakini pesa ya binti inabaki ya binti.