Timu Yetu Mpya ya Magongo

Mimi si mwalimu wa michezo. Ni mtazamaji tu wa mpira wa magongo, asiyeweza kunyamaza. Mwaka jana wasichana saba wa timu yetu hapa Mahoo walimaliza kidato cha nne, wakatuachia wanne. Tangu hapo tumecheza mara tano, tukashindwa nne na kutoka sare moja.

Walimu wenzangu wataka mfungaji wetu wa pekee abaki mbele. Mimi nakataa. Mpira wenyewe haumfikii! Viungo wetu ni watoto wapya shuleni, na katika uwanja huu wa changarawe mpira huruka kama panzi. Heri arudi katikati awagawie, hata kama tutakosa mabao msimu mzima.

Wenzangu hudhani sifa ni ya mfungaji tu. Lakini Kenya ilipokuwa ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971, nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, naye alikuwa beki.

Nilipomweleza binti huyo, aliniuliza, “Mwalimu, nikirudi nyuma, wateuzi wa timu ya kaunti wataniona wapi?” Sikuwa na jibu.

Hata hivyo mwalimu wa michezo alinisikiliza. Jumamosi tulishindwa mawili kwa moja. Bao letu lilifungwa na mmoja wa watoto hao wapya, kwa pasi ya binti yule. Alipotoka uwanjani alinipita bila kunitazama.