Usione Vyang'aa, Vimechomwa

Ndugu msomaji, wahenga walituachia neno kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Neno hilo lamfaa sana kila apendaye kukusanya vikombe vya chai vya kale vya Uingereza, vile vyembamba vilivyochorwa maua kwa mkono na kutiwa dhahabu ukingoni. Wengi huvitazama kabatini wakastaajabia maua. Ni wachache waulizao ni nani aliyeyachora.

Twende basi hadi Stoke-on-Trent, katika jimbo la Staffordshire. Huo si mji mmoja bali ni sita: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, iliyounganishwa mwaka 1910. Makaa ya mawe yalikuwako hapo hapo, lakini udongo mweupe wa kaure ulitoka mbali, Cornwall. Ulisafirishwa kwa meli, kisha kwa mashua katika mfereji uliokamilika mwaka 1777.

Siri ya vikombe hivi ni mifupa ya ng'ombe. Huchomwa, husagwa ikawa majivu, kisha huchanganywa na udongo ule na jiwe la Cornwall. Kwa desturi majivu ni nusu, na hivyo viwili ni robo kwa robo. Thomas Frye wa London alijaribu majivu ya mifupa katika miaka ya 1740, lakini walioukamilisha mchanganyiko huo, mwishoni mwa karne ya 18, ni Josiah Spode na mwanawe. Ukikiinua kikombe hicho mbele ya taa, utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Tanuri zenye umbo la chupa zilizidi 2,000, na moshi wake ukaifunika miji yote sita hadi sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 ilipozikomesha. Leo hazifiki 50. Huko Longton, katika makumbusho ya Gladstone, mgeni aweza kuingia ndani ya mojawapo. Vumbi la mawe liliharibu mapafu ya wafanyakazi, na madini ya risasi yaliyotumika kung'arisha vyombo yakawatia sumu. Wachoraji wengi walikuwa wanawake, wakilipwa kwa hesabu ya vyombo walivyomaliza. Wachache tu walitia saini. Wengine waliacha alama ndogo chini ya kikombe, nayo ndiyo kumbukumbu yao pekee.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata kikombe kama hicho, kwanza kigeuze. Neno "England" lilienea baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 kudai nchi itajwe. "Made in England" kwa kawaida ni la karne ya 20. Kisha chukua lenzi ya kukuzia. Ukiona nukta nyingi zilizopangwa sawasawa, hiyo ni chapa. Ukiona mipito ya brashi, rangi nzito hapa na nyepesi pale, na petali mbili zisizolingana, huo ni mkono wa mtu. Lakini jihadhari: mara nyingi mistari ilipigwa chapa, na rangi tu ndiyo iliyojazwa kwa mkono. Kigonge taratibu kwa ukucha. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Wala usikifanye cha kunywea kila siku, kwani rangi za kale zaweza kuwa na risasi.

Karakana nyingi za Stoke zimefungwa. Ile ya Spode ilisimama mwaka 2008. Hivyo basi, usikidharau kikombe kilichopoteza kisahani chake. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua dhahabu, na ile alama ndogo chini yake iandike daftarini kama uandikavyo jina la mtu.