Pipi ya Koo

Mwalimu mstaafu hujulikana kwa mambo matatu: mwandiko wake, tabia ya kusahihisha Kiswahili cha watu hata msibani, na koo lake. Miaka thelathini na zaidi ya kupaza sauti mbele ya watoto themanini katika chumba kimoja, vumbi la chaki likiingia puani, haimwachii mtu koo lile alilotoka nalo chuoni. Pale chuo cha ualimu tulifundishwa maandalio ya somo, saikolojia ya mtoto na matumizi ya ubao. La kutunza sauti hatukufundishwa, basi kila mtu akajitibu alivyojua. Wapo waliotafuna tangawizi, wapo waliobana karafuu shavuni (na karafuu kweli hutia ganzi). Mimi nilikuwa mtu wa Strepsils. Pakiti ilikaa mfuko wa shati pamoja na kalamu nyekundu.

Hapa Bujora koo ni kitu cha heshima. Wanaokuja kutazama Makumbusho ya Wasukuma, kazi aliyoianzisha Padri David Clement, husimuliwa habari za vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili, Ngika na Gumha. Wakati wa Bulabo vyama hivyo hushindana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Juu ya dawa za ngoma sina la kusema. Ila mwimbaji ambaye sauti imemkauka saa nane mchana, sijui ni dawa gani ya kuvuta watu itakayomwokoa.

Kidonge cha kumung'unya ni nini hasa? Aghalabu ni sukari iliyopikwa hadi maji yakakaribia kwisha, ikachanganywa na dawa, kisha ikaachwa igande. Hakimezwi wala hakitafunwi. Mate hukiyeyusha taratibu, na dawa hupita juu ya koo palepale panapouma. Strepsils, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1958, ina dawa mbili za kuua vijidudu: miligramu 1.2 ya moja na miligramu 0.6 ya nyingine. Kiasi hicho kikimezwa kwa maji koo halitapata kitu. Kikiyeyukia mahali penyewe, mtu hupata nafuu. Lakini mate hayohayo yanayoileta dawa ndiyo yanayoiondoa. Ukimeza mara kadhaa imekwisha kwenda tumboni, na kilichojificha ndani ya nyama ya koo hakikuguswa.

Kinywa kina njia nyingine pia. Ngozi yake laini huweza kupitisha dawa hadi kwenye damu bila kuzunguka tumboni na kwenye ini. Ndiyo maana wagonjwa wa moyo huweka kidonge cha naitrogliserini chini ya ulimi. Marekani iliruhusu mwaka 1998 dawa kali ya maumivu ya saratani, fentanili, itiwe kwenye kijiti mfano wa pipi. Nilipolisoma hilo nilitikisa kichwa. Dawa yenye nguvu kupita mofini, katika umbo ambalo mtoto yeyote atalikimbilia!

Na hapo kwenye utamu ndipo ninapotaka kusimama, ndugu msomaji.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita, binti mwepisi wa hesabu. Katika mchakamchaka wa asubuhi alianza kubaki nyuma, kisha akawa anakaa chini kabisa, mkono kifuani. Wenzake walisema ni mvivu. Hospitalini waligundua vali za moyo zimeharibika. Daktari alimuuliza mama kama mtoto aliwahi kuumwa koo. Mama akajibu kwamba ndiyo, mara nyingi, lakini walikuwa wakimnunulia pipi za koo dukani na anapona.

Anapona: ndilo neno lenyewe. Koo lililoshambuliwa na bakteria aina ya streptokoki hupoa lenyewe kwa muda wa wiki moja, kwa pipi au bila pipi. Kisha, baada ya wiki mbili tatu, kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wale huweza kugeukia viungo na moyo. Homa hiyo ikirudi mara kwa mara, vali hupata makovu. Kinachozuia ni penisilini, nayo hufaa hata ikianza ndani ya siku tisa tangu koo kuuma. Madaktari wa miaka ya 1940 walijaribu kuitia penisilini hiyo ndani ya vidonge vya kumung'unya. Ikaleta vidonda vya kinywa na mzio, ikaachwa. Lazima ipite kwenye damu.

Simlaumu mama yule. Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi, na kwa hayo penisilini ni kupoteza fedha, pipi inatosha. Ila mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano mwenye homa, asiyekohoa, matezi ya shingo yamevimba, na ndani ya koo kuna utando mweupe, huyo si wa dukani.

Binti huchomwa sindano ya penisilini kila mwezi, na kazi ya ushonaji anaifanya akiwa ameketi.

Juzi jirani alinijia na mjukuu wake. "Shikamoo mwalimu. Una zile pipi zako?" Nikamwambia mtoto akae mlangoni penye mwanga, apanue kinywa, aseme aaa. Koo jekundu, madoa meupe pande zote mbili, shingo imevimba.

"Nenda naye zahanati leo hii, mama. Usingoje Jumatatu."

"Na pipi?"

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Nikampa mbili, azimung'unye njiani.